Barua ya maombi ya Utendaji wa Kijiji: nifanyeje isifanane na za wengine?

Binti wa Tandahimba

Habari za wakati huu ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni. Nimehitimu astashahada katika fani ya utawala, na halmashauri mojawapo ya mkoa wetu wa Mtwara imetangaza nafasi za Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Nilikwenda steshenari kuchapa barua, nikakuta kijana wa pale anayo barua moja ambayo humbadilishia kila mteja jina na tarehe tu, na ndiyo waliyoituma wenzangu wengi niliosoma nao. Sikuridhika nayo, lakini nilipojaribu kuandika ya kwangu sikuvuka aya ya pili.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. La kwanza, tangazo linataka barua ielekezwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, ilhali maombi yenyewe yanatumwa kwa mfumo wa Ajira Portal ulio chini ya Sekretarieti ya Ajira. Je, niandike anwani ya nani? La pili, sijawahi kuajiriwa serikalini. Kazi pekee niliyoifanya ni ukarani wa chama cha msingi cha ushirika wakati wa msimu wa korosho, pamoja na kujitolea kwa muda katika ofisi ya kata. Rafiki yangu ananiambia ukarani wa korosho niuache kabisa, kwa kuwa utanishusha hadhi.

Mzee wa Masjala, Lindi

Marahaba mwanangu. Suala la anwani ni jepesi: fuata tangazo lilivyoandikwa. Halmashauri inapotangaza nafasi zake, mwajiri ni Mkurugenzi Mtendaji, kwa hiyo barua ni yake hata kama inapitia mfumo wa Sekretarieti. Tangazo likiwa la Sekretarieti yenyewe, barua huelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Barua za steshenari zinawaumbua watu hapa hapa, kwani baadhi yake bado zina anwani ya Dar es Salaam, wakati ofisi ilikwishahamia Dodoma, na msomaji akiona hivyo anajua mara moja kwamba mwombaji hakusoma hata tangazo la kazi anayoiomba.

Kuhusu ukarani, rafiki yako amekupotosha. Kabla ya kustaafu nilihudumu katika halmashauri kwa muda mrefu, na watendaji wa vijiji nimefanya nao kazi kwa karibu. Lichukue tangazo lako usome majukumu ya kazi, si sifa za mwombaji peke yake. Utaona kwamba Mtendaji wa Kijiji ni Afisa Masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha, na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji, ni katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji, anatunza kumbukumbu na nyaraka za kijiji, anapokea, kusikiliza na kutatua malalamiko na migogoro ya wananchi, na anawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Sasa nikuulize: karani anayekaa ghalani pembeni ya mizani, wakulima wamepanga foleni na magunia yao, na kila mmoja anataka kuhakikisha kilo zake zimeandikwa sawasawa, anafanya nini kama si kutunza kumbukumbu na kusikiliza malalamiko?

Kosa la barua nyingi ni kujisifu bila kuonyesha kitu. Ile sentensi isemayo «mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira yoyote na kwa usimamizi mdogo» imo karibu katika kila barua, na kwa sababu hiyo haimtofautishi mtu yeyote. Iondoe, na mahali pake uandike jambo ulilolitenda, kwa mfano hivi:

«Nikiwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, nilikuwa na jukumu la kuandika katika daftari la mapokezi jina la kila mkulima, uzito wa mzigo wake na daraja la korosho zake. Malipo ya mkulima yalipokwama kwa sababu jina lililo daftarini halikulingana na lile la akaunti yake ya benki, nilipokea lalamiko lake, nikalinganisha kumbukumbu, kisha nikaliwasilisha kwa meneja wa chama na kulifuatilia hadi mkulima alipolipwa.»

Bila shaka utaandika yale uliyoyafanya wewe, si haya niliyoyakisia mimi. Taja jina la chama, kijiji kilipo, na misimu uliyohudumu. Ukijitolea ofisi ya kata, sema ulishika kazi gani: uliandika mihtasari ya vikao, ulipanga majalada, ama ulihudumia wananchi waliokuja kuomba barua za utambulisho? Neno «nilijitolea» likisimama peke yake halimwambii msomaji chochote.

Mpangilio unaujua tangu shuleni: anwani yako juu kulia pamoja na tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, «Ndugu,» kisha YAH: MAOMBI YA KAZI YA MTENDAJI WA KIJIJI DARAJA LA III. Aya ya kwanza itaje tangazo na tarehe yake, ya pili elimu yako kwa kifupi, kwa kuwa vyeti vipo, na ya tatu, iliyo ndefu kuliko zote, ieleze kazi ulizofanya. Ukurasa mmoja unatosha.

Mkazi wa Mikindani

Ninamheshimu Mzee, ila ninaona tumeipa barua uzito kupita kiasi. Kazi haipatikani kwa barua. Inapatikana kwa usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika, kisha usaili wa mahojiano. Barua na viambatisho vinakusaidia usiondolewe kabla ya kufika huko, na wanaoondolewa wengi hawaondolewi kwa ufasaha mdogo. Mmoja anatuma barua isiyo na saini. Mwingine anaambatisha hati ya matokeo ya Kidato cha Nne badala ya cheti, ingawa matangazo yanasema wazi kwamba hati hizo hazikubaliwi, pamoja na matokeo ya muda ya chuo. Mwingine amepiga picha ya cheti kwa simu, kivuli cha mkono wake kimefunika namba. Chapa barua, isaini kwa kalamu, iskani vizuri, kisha ufungue faili lenyewe uone linasomeka kabla ya kulipandisha.

Tena, yale uliyoandika katika barua uyajaze pia katika sehemu ya uzoefu ndani ya mfumo, tarehe zilingane na za wasifu wako. Tarehe zikigongana, maelezo mazuri ya barua yanageuka kuwa ya kutiliwa shaka.

Binti wa Tandahimba

Ninawashukuru sana, Mzee wangu na kaka wa Mikindani. Nimeanza kuiandika upya na aya ya tatu imenitoka bila shida. Kumezuka jambo jingine: cheti changu cha Kidato cha Nne kimeandikwa Fatuma, lakini Kitambulisho cha Taifa kinasema Fatma. Pia tangazo linataka wadhamini watatu. Je, nikimweka diwani wetu atanisaidia?

Mwalimu wa Nachingwea

Dada Fatuma, hilo la majina limeenea mno huku kwetu Kusini, maana Saidi wa shuleni huwa Said kwenye kitambulisho, na Hamisi akawa Khamis. Usilidharau kwa kuwa ni herufi moja, wala usijaze jina la tatu ulilolibuni ili kuyapatanisha mawili. Nenda kwa wakili akuandalie hati ya kisheria inayothibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, akueleze na mahali pa kuisajili, kisha uiambatishe. Lianze hilo mapema kuliko barua, kwa sababu barua utaimaliza jioni moja, lakini hati inategemea ofisi za watu wengine.

Kuhusu wadhamini, diwani hakatazwi, lakini anakufahamu kwa mwenendo zaidi kuliko kwa kazi. Mimi ningemweka meneja wa chama chako cha ushirika, Mtendaji wa Kata uliyejitolea ofisini kwake, na mkufunzi mmoja wa chuo. Waombe ruhusa kwanza, uwaambie ni kazi gani unaomba, na uhakikishe namba zao za simu zinapatikana, kwani mdhamini anayepigiwa akauliza «Fatuma yupi?» ni afadhali asingetajwa.

Kwa wanaosoma hapa wakiwa tayari wameajiriwa serikalini na wanataka kuhamia kada nyingine: barua zenu zipitishwe kwa waajiri wenu. Nimeona watu wakiruka hatua hiyo wakidhani mfumo wa mtandaoni umeifuta.

Dada, lihifadhi pia tangazo lenyewe kwenye simu yako, ukurasa wenye majukumu, kwa maana baada ya tarehe ya mwisho kupita huenda usilione tena kirahisi, na ukiitwa kwenye usaili utalihitaji kujisomea.