Hasara ya paa baada ya kimbunga: nidai mwenyewe, niweke mkadiria binafsi, au wakili?

Mwana_Pangani (Houston, Texas)

Wakuu, habari za usiku. Kimbunga Beryl kilipotupitia asubuhi ya 8 Julai 2024 nilidhani nimenusurika. Umeme ulikatika siku tano, nyama ya friza ikaenda na maji, lakini nyumba imesimama, alhamdulillah. Wiki mbili baadaye dari ya chumba cha watoto ikaanza kuchora ramani ya kahawia. Nikapanda juu na tochi: mbao zimelowa, vigae vimenyanyuka upande wa kusini.

Nikafungua madai. Mkadiria wa kampuni ya bima alikuja, akakaa dakika ishirini, darini hakupanda. Hesabu yake hii hapa: matengenezo dola 11,800. Toa uchakavu wa paa, 3,100. Toa sehemu yangu ya kujilipia, ambayo kwa kimbunga ni asilimia 2 ya thamani ya nyumba kwenye bima (310,000), yaani 6,200. Hundi niliyoletewa ni ya dola 2,500. Fundi wangu anasema kazi hiyo ni 21,400.

Nina njia tatu mezani: nipambane mwenyewe, nichukue mkadiria binafsi anayemtetea mwenye nyumba, au nitafute wakili. Aliyepitia aniambie ipi inalipa.

MamaZuu (Katy)

Pole kaka. Kabla hujamlipa mtu yeyote, pambana mwenyewe kwanza. Watu wengi wakiona hundi ndogo wanadhani hukumu imeshasomwa. Hundi ya kwanza ni mwanzo wa mazungumzo tu. Kuiweka benki si kukubali kwamba madai yamekwisha, ila soma karatasi iliyoambatana nayo, usije ukasaini kwamba umemaliza.

Na ile 3,100 ya uchakavu bado usiilie. Angalia bima yako inalipa gharama ya kujenga upya au thamani ya kitu kilivyochakaa. Kama ni ya kujenga upya, uchakavu wanaushikilia tu. Ukishatengeneza na kupeleka risiti wanakurudishia, mradi hujapitisha muda ulioandikwa kwenye mkataba. Kwa hiyo mgogoro wako halisi ni tofauti ya 11,800 na 21,400. Dola 9,600.

Omba kadirio lao lenye mchanganuo wa mstari kwa mstari. Liweke pembeni ya la fundi wako. Mimi nilipofanya hivyo nilikuta wamehesabu vigae lakini wamesahau mbao za chini, jipsamu ya dari, na kuhamisha insulesheni iliyolowa. Niliandika barua pepe fupi, nikaambatanisha picha, nikaomba ukaguzi wa pili fundi wangu akiwepo. Wakarudi. Sikutoa hata senti.

Binti_Nyali (Cape Coral, Florida)

Mama Zuu umesema vizuri, lakini si kila mtu ana hicho kifua. Mimi Kimbunga Ian kilinikuta hapa tarehe 28 Septemba 2022. Nilikuwa na bima mbili: ya upepo, na ya mafuriko ya mpango wa serikali kuu. Huyu wa upepo anasema hasara ni ya maji, yule wa mafuriko anasema ni ya upepo. Nikawa kama mtoto kati ya wake wenza, kila mmoja anasema nikale kwa mwenzake.

Nikachukua mkadiria binafsi. Huku Florida, gavana akishatangaza hali ya dharura, hawaruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 10 kwa madai ya janga hilo katika mwaka wa kwanza. Huyo bwana alikaa nyumbani kwangu karibu siku nzima. Alipima mstari wa maji ukutani, akaonyesha kwamba paa lilifunguka na mvua ikaingia kwa juu, juu kabisa ya pale mafuriko yalipofika. Kila bima ikalipa sehemu yake. Asilimia 10 yake nililipa bila kinyongo.

Wenzangu wa Florida: siku hizi mwisho wa kuripoti ni mwaka mmoja tangu hasara, na miezi 18 kwa nyongeza. Pia idara ya serikali ina usuluhishi ambao kampuni ya bima ndiyo inaulipia. Mimi nilikuja kuujua nikiwa nimeshamaliza!

Fundi_Chuma (Houston)

Mkuu Pangani, Texas nako ukomo ni asilimia 10. Lakini uliza: asilimia 10 ya nini? Ukipandishiwa hadi 21,400, ukitoa ile 6,200, malipo yako yote ni 15,200. Akichukua kwenye jumla ni 1,520. Akichukua kwenye pesa mpya aliyoileta yeye tu, yaani 9,600, ni 960. Mkataba ndio unaosema. Na hakikisha ana leseni ya Idara ya Bima ya Texas, jina lake unalitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao.

Mimi ni fundi wa paa, kwa hiyo niwaseme na wenzangu. Anayegonga mlango baada ya dhoruba na kukwambia "ile sehemu yako ya kujilipia nitaibeba mimi", mfungie mlango. Tangu 1 Septemba 2019 hilo ni kosa hapa Texas. Na fundi haruhusiwi kukutetea kwa bima kwenye kazi anayoifanya mwenyewe. Naweza kusimama na mkaguzi na kumwonyesha kigae kilichopasuka, basi.

Kasongo77 (Dallas)

Ndugu, wakili mwache kwanza. Wengi wanachukua kama theluthi ya malipo, na sheria ya hapa inataka notisi ya siku 61 kabla ya kufungua kesi. Kwa 9,600 utabaki na nini? Wakili ni wa pale wamekukatalia kabisa, au wamenyamaza. Wakinyamaza, kwanza peleka malalamiko kwa Idara ya Bima. Ni bure. Kampuni ina siku 15 za kazi kukubali au kukataa tangu ipate kila ilichokuomba; baada ya janga kubwa wanaongezewa siku 15. Andika tarehe za kila simu, na jina la uliyeongea naye.

MzeeWaGalveston

Vijana mmesahau njia ya nne. Mikataba mingi ina kifungu cha uthamini: wewe unaweka mthamini wako, kampuni wa kwao, hao wawili wanamteua mwamuzi. Wawili kati ya watatu wakikubaliana, bei imefungwa. Kinaamua bei tu, hakiamui kama hasara inalipika. Na unamlipa mthamini wako pamoja na nusu ya mwamuzi, kwa hiyo kwa ugomvi wa Pangani hakilipi. Mimi nilikitumia baada ya Kimbunga Ike, 2008, ugomvi ukiwa mkubwa mara tano ya huo.

Huku pwani wengi bima yetu ya upepo ni ya TWIA, chama cha bima ya upepo cha Texas, ambayo ni upepo na mvua ya mawe peke yake. Mafuriko ununue kando, na mpango wa serikali kuu una siku 30 za kusubiri kabla haujaanza kufanya kazi. Kimbunga kikishapewa jina umechelewa. Kimbunga Harvey cha 2017 kilikuta majirani zangu wengi wana bima ya nyumba safi kabisa ambayo haikulipa hata zulia, kwa sababu maji yaliingia kwa mlangoni.

Sasa vyombo vya ndani. Tuna vitu visivyo na risiti: sanduku la Lamu la mama mkwe, kinyago cha Kimakonde, makochi yaliyonunuliwa kwa mtu aliyekuwa anahama. Nilivithibitisha kwa picha za Idi! Watu wamejipanga sebuleni na kanzu zao, nyuma yao televisheni, kabati, zulia, vyote vinaonekana na tarehe ipo kwenye simu. Tangu hapo, kila mwisho wa Mei, kabla ya msimu wa vimbunga kuanza 1 Juni, mke wangu anapita na simu chumba kwa chumba, anafungua makabati mpaka droo za vijiko, na video anamtumia binti yetu Minnesota. Wajukuu wanamcheka.

Mwana_Pangani

Wakuu, mrejesho. Nilifuata njia ya MamaZuu, na Fundi_Chuma alinisaidia kusoma mchanganuo ule. Ukaguzi wa pili mkadiria alikuwa mwingine, dada mmoja mpole, akapanda darini mwenyewe. Kadirio limefika 18,900. Fundi wangu amekubali kuifanya kwa hiyo kwa kutumia tena mifereji ya paa ya zamani.

Tatizo jipya: hundi ya pili imeandikwa majina mawili, langu na la benki iliyonikopesha nyumba. Nimewapigia benki, wanataka mkataba wa fundi na watume mtu wa kukagua kazi ikifika nusu. Kuna aliyefanikiwa kuwaharakisha? Turubai nililofunikia paa limeshaanza kuchanika.