Kikundi cha Familia: Mfarishi wa Jinzi na Cherehani ya Bibi

[Ijumaa 18:42] Shangazi: Habari za jioni, wapendwa wote. Kama tulivyokubaliana tulipoonana mara ya mwisho, tutashona mfarishi mmoja mkubwa wa vipande vilivyounganishwa pamoja na mito ya sakafuni kwa ajili ya watoto wanaolala chumba cha mbele kila tunapokutana. Hatutanunua kitambaa hata kipande, kwa sababu kila nyumba ina suruali za jinzi zisizovaliwa, shuka zilizochakaa katikati na fulana zilizopoteza umbo. Naomba kila mmoja aandike hapa leo hii ana nini, ili Fundi afanye hesabu kabla hatujaanza kukata.

[Ijumaa 18:44] Shangazi: Suruali iliyotoboka magotini isitupwe. Sehemu zinazowahi kuchakaa ni magoti, makalio na mapaja kwa ndani, lakini nyuma ya mguu, kuanzia chini ya goti hadi karibu na pindo, kitambaa huwa bado kizima, na hapo ndipo tutakapopata vipande vyetu.

[Ijumaa 19:30] Shangazi: Naona wengi mmesoma na hakuna aliyejibu. Nitaanza kuwataja mmoja mmoja.

[Ijumaa 19:51] Baba Mdogo: Usitutaje, Dada. Mimi ninazo tatu, ila moja ni ile niliyoivaa kwenye harusi ya Kaka, na nina wasiwasi kwamba mtoto atakayelalia kipande chake ataota anacheza muziki usiku kucha.

[Ijumaa 19:52] Kitindamimba: Ile ambayo mguu wake mmoja ungetosha kushona pazia?

[Ijumaa 19:53] Baba Mdogo: Hiyo hiyo. Itatoa vipande vingi kuliko suruali zenu za kubana zote zikijumlishwa.

[Ijumaa 19:58] Fundi: Shikamooni wote. Baba Mdogo ametania, lakini amegusa jambo ambalo naomba tulizingatie. Suruali nyingi za kubana zimechanganywa na nyuzi zinazovutika, na kipande kinachovutika kikishonwa kando ya kisichovutika, mshono hujikunja na mfarishi hautalala sawa hata ukipigwa pasi mara ngapi. Shika kitambaa kwa mikono miwili, ukivute kwa upana: kikinyooka na kurudi, kiwekwe kando kwa ajili ya mito, na kisichovutika ndicho kiingie kwenye mfarishi. La pili, kila kitu kifuliwe, kikaushwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba hurudi, yaani hupungua ukubwa, ikiingia majini na jinzi mpya huchuja rangi. Vipande vikirudi baada ya kushonwa, kila kimoja kwa kiasi chake, hakuna tena la kufanya.

[Ijumaa 20:01] Kitindamimba: Baba Mdogo, picha ya harusi ninayo. Niiweke hapa?

[Ijumaa 20:01] Baba Mdogo: Ukiiweka, sileti suruali hata moja.

[Ijumaa 20:03] Mama Mdogo: Iweke, mwanangu.

[Ijumaa 20:09] Shangazi: Wapendwa, Fundi ameandika maneno muhimu na picha imeyafunika. Narudia: tufue, tukaushe, tupige pasi, ndipo tukate. Fundi, tupe na vipimo.

[Ijumaa 20:26] Fundi: Marahaba kwa hilo, Shangazi. Kila kipande kiwe mraba wa sentimita 20 kwa 20. Tukishona sentimita 1 kutoka ukingoni pande zote, kitabaki cha sentimita 18, na safu 10 za vipande 8 zitatupa mfarishi wa sentimita 180 kwa 144, yaani vipande 80. Tusipime kila kipande kwa futi, maana kosa dogo la kila mmoja likijirudia mara nane tayari safu zimepishana. Kateni kiolezo kimoja cha kadibodi ngumu ya boksi na mkifuate hicho hicho, huku upande mmoja wa kiolezo ukienda sambamba na nyuzi za kitambaa, kwa sababu kipande kilichokatwa mshazari huvutika hata kama jinzi yenyewe haivutiki.

[Ijumaa 20:29] Fundi: Na misumari ya shaba iliyo kwenye pembe za mifuko ya suruali iepukwe kabisa. Iliwekwa kuimarisha sehemu zinazochanika, na hataza yake, yaani haki ya ubunifu huo, ilitolewa Marekani mwaka 1873 kwa fundi cherehani Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss. Kazi hiyo inaifanya vizuri mno, ndiyo maana sindano ikiugonga inavunjika na kipande chake kinaweza kuruka hadi jichoni. Mifuko tutaikata mizima na kuishona juu ya mito, ili watoto wapate mahali pa kuweka vitu vyao.

[Ijumaa 20:47] Mama Mdogo: Fundi, ninaielewa kazi hii na ninaipenda, lakini nataka niulize jambo kabla hatujajaza vyumba vyetu suruali. Tutashonea cherehani gani? Yangu ya umeme ni nyepesi. Panapokutana mishono minne, jinzi huwa na tabaka nyingi kiasi kwamba mashine inaruka mishono, inanguruma na kusimama.

[Ijumaa 21:02] Fundi: Ni kweli, Mama Mdogo, na pale kwenye makutano ndipo mifarishi mingi ya jinzi inapoharibikia. Zipo njia za kuisaidia. Tumia sindano ya jinzi namba 100/16, uzi wa poliesta, na mshono mrefu kidogo wa milimita 3 hadi 3.5. Kila mshono ufunguliwe kwa pasi ulale pande mbili badala ya kukunjwa upande mmoja, na makutano yagongwe kwa nyundo juu ya ubao hadi yalainike. Mguu wa cherehani unapoanza kupanda kilima cha mshono, weka nyuma yake kadibodi iliyokunjwa yenye unene sawa na huo, ili usiinamie nyuma, kwa sababu mguu ukiinama ndipo mishono inaporuka.

[Ijumaa 21:04] Fundi: Hata hivyo, nikisema ukweli wangu wote, cherehani ya kazi hii ni ile ya Bibi ya kuzungusha kwa mkono. Mwili wake ni wa chuma, haina haraka, na panapokuwa pagumu unazungusha gurudumu polepole mshono mmoja mmoja hadi uvuke. Inashona mstari ulionyooka tu, na sisi hatuhitaji zaidi ya huo.

[Ijumaa 21:10] Mama Mdogo: Cherehani hiyo sote tunajua ilipo, wifi, na sote tunajua ilivyoondoka. Mimi niliiomba mara moja, nikajibiwa nilivyojibiwa, na watoto wangu walikuwepo. Sitakuwa mtu wa kuiomba tena.

[Ijumaa 21:11] Baba Mdogo: Tulikuwa tunazungumzia suruali yangu vizuri tu.

[Ijumaa 21:15] Shangazi: Wifi yangu, hakuna aliyekusudia kufukua hilo. Kaka, upo hapa na umesoma. Tunaomba uiazime familia cherehani hiyo kwa siku za kushona tu, kisha mambo mengine tutayazungumza ana kwa ana.

[Ijumaa 21:40] Shangazi: Kaka?

[Ijumaa 21:58] Fundi: Tusikwame, Shangazi. Ikiwa cherehani haitapatikana, tunaweza kugeuza mpango na kushona kwa mkono, ila si jinzi, kwa kuwa kuunga mishono ya jinzi kwa vidole ni kuvitesa bure. Wanawake wa Bengal, huko Bangladesh na mashariki mwa India, tangu zamani wamekuwa wakipanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka na kuzishikanisha kwa mishono midogo ya mbele na nyuma, wakapata vifuniko laini vinavyoitwa kantha, na uzi wenyewe mara nyingi waliuchomoa kwenye mapindo ya sari hizo hizo. Shuka zetu zinaweza kufanyiwa hivyo. Kazi itakuwa ya polepole, lakini mikono mingi inaweza kukaa kuzunguka kitambaa kimoja.

[Ijumaa 22:03] Kitindamimba: Na mito tujaze nini? Mimi nina mifuko ya plastiki imejaa kabatini, na ni rahisi kuikusanya.

[Ijumaa 22:12] Fundi: Hapana kwenye mito ya watoto. Plastiki hupiga kelele mtoto akigeuka na inahifadhi jasho, na mto ukipasuka mfuko unaweza kumziba mtoto pumzi, hilo ndilo kubwa kuliko yote. Mifuko yako ikatwe pete pete, ziunganishwe ziwe uzi mrefu, ufumie zulia la mlangoni kwa sindano nene ya kroshia. Mito tutaijaza mabaki ya vitambaa yaliyokatwa madogo madogo, kwa sababu yakiachwa makubwa hujikusanya na kuwa mabonge. Yatiwe kwanza katika mfuko wa ndani wa shuka kuukuu, ili mfuko wa nje uvuliwe na kufuliwa peke yake. Fulana nazo zisisagwe kuwa mabaki: zikatwe kwa kuzunguka ziwe utepe mmoja mrefu wa sentimita 3, uuvute, kingo zitajikunja zenyewe, na hapo una kamba nzuri ya kusuka.

[Jumamosi 06:35] Mama Mapacha: Samahanini kwa kuchelewa, mapacha hawakulala. Ninazo suruali mbili na blanketi moja jembamba. Je, wanangu wataweza kufunikwa mfarishi huo watakapokuja?

[Jumamosi 06:50] Fundi: Bado, dada. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe na mfarishi wala mto, na huu wa jinzi utakuwa mzito hata kwa mtu mzima. Wanaweza kuchezea juu yake wakiwa macho na mtu akiwaangalia. Ndiyo maana pia sitaki vifungo vya mapambo: kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, kifungo kilichochomoka huishia mdomoni. Blanketi lako lilete, litakuwa tabaka la katikati. Tutayashikilia matabaka matatu kwa mafundo ya uzi mnene kila baada ya sentimita 15 au chini ya hapo.

[Jumamosi 08:20] Bibi: Wanangu na wajukuu zangu, Kitindamimba amenisomea maneno yenu yote, naye ananiandikia haya kama ninavyoyasema. Kwa cherehani ile niliwashonea nyote sare za shule, na suruali ya mkubwa ilipombana niliifumua nikamshonea mdogo, kwa hiyo msinifundishe thamani ya kitambaa kuukuu. Cherehani sikumgawia mtu. Iliwekwa kwa mwanangu mkubwa kwa sababu paa langu lilikuwa linavuja, na paa lilikwisha kuezekwa zamani. Sitaki kusikia nani aliichukua wala nani alimjibu nani. Nataka kusikia inarudi lini.

[Jumamosi 08:24] Bibi: Shuka zangu mbili zimechakaa katikati na kingo zake bado ni ngumu. Zipasuliwe katikati kwa urefu, kingo za nje ziunganishwe ziwe ndiyo katikati mpya, na zile sehemu dhaifu zikae pembeni zikatwe kidogo na kupindwa. Hiyo ndiyo itakuwa sehemu ya chini ya mfarishi. Na cherehani ikifika, itiwe mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda ndani yake, na yupo mtu humu anayejua kwa nini ninalisema hilo.

[Jumamosi 10:47] Shangazi: Tumekusikia, Mama.

[Jumamosi 10:48] Mama Mdogo: Shikamoo, Mama. Tumekusikia.

[Jumamosi 10:55] Baba Mdogo: Shikamoo, Mama. Suruali zote tatu nitazileta, zikiwa zimefuliwa.

[Jumamosi 13:16] Baba Mkubwa: Shikamoo, Mama. Nimesoma yote tangu jana. Cherehani ipo, imefunikwa, na haijaguswa na mtoto. Sikuwahi kusema kwamba ni yangu. Hata hivyo, ilipoletwa kwangu haikuwa na kikasha cha bobini, kile kinachobeba uzi wa chini, na bila hicho haishoni, kwa hiyo anayedhani niliinyima familia cherehani nzima ajiulize kwanza kikasha hicho kilibaki wapi.

[Jumamosi 13:20] Mama Mdogo: Nilipoiomba hukusema habari za kikasha.

[Jumamosi 13:31] Shangazi: Kaka, ahsante kwa kujibu. Wifi, tafadhali tuliache hapo kwa leo. Kwanza kila mmoja aangalie kwenye kopo lake la vifungo na nyuzi, kwa sababu kitu kidogo kama hicho huhamishwa pamoja na sindano bila mtu kujua. Fundi, kikikosekana, kingine kinaweza kuingia?

[Jumamosi 13:44] Fundi: Kinaweza, lakini si chochote tu. Mashine za kale zinatofautiana: nyingine hutumia kikasha cha mviringo, nyingine kibebea uzi kirefu kinachokwenda mbele na kurudi. Baba Mkubwa, naomba uvute bamba dogo lililo chini ya sindano, upige picha ya ndani pamoja na namba iliyochongwa kwenye mwili wa mashine. Kwa namba hiyo tutajua ni aina gani.

[Jumamosi 13:46] Shangazi: Basi nasema hivi: wote mfue na kupiga pasi wiki hii, Fundi na mimi tuanze na shuka za Mama, kwa kuwa hizo hata mashine ya wifi inaziweza, na vipande vya jinzi vikatwe tu bila kushonwa hadi tujue habari za cherehani. Kaka, utaileta kwa Mama siku gani?

[Jumamosi 15:30] Shangazi: Kaka, tunasubiri picha na siku.

[Jumamosi 19:05] Mama Mdogo: Shuka nitazishona mimi. Ziletwe kwangu.

[Jumamosi 21:12] Baba Mkubwa: Picha nitaipiga kesho kukiwa na mwanga. Siku nitamwambia Mama mwenyewe.

[Jumamosi 21:37] Kitindamimba: Jinzi nyeusi nazo zinaruhusiwa, au ni za bluu tu?