Wanaovuta sigara kwenye uwanja wa hospitali, tupeane uzoefu (Tanga na Bagamoyo)

Habari zenu wana Tanga, na wa Bagamoyo kama mpo. Mie hii naileta kwa uchungu. Mwezi uliopita nimemuuguza mama siku tisa, ana pumu, wodi ya chini na madirisha hayafungwi maana joto la huku mnalijua. Sasa nje ya dirisha kuna mwarobaini na benchi, ndo kijiwe cha wanaosubiri wagonjwa, sigara zinawaka toka alfajiri na moshi wote unaingia kwa mama. Usiku wa tatu kabanwa kifua mpaka nesi akamrudishia mashine ya mvuke. Nikatoka nje mbio, namkuta mzee umri wa marehemu baba kashika fegi, kajiinamia. Nikashindwa. Nikamwamkia shikamoo nikarudi ndani, mpaka leo inaniuma.

Na sheria tunayo jamani, ya bidhaa za tumbaku ya 2003, halafu 2007 nchi ikaridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku. Ila watu wanaelewa marufuku ni mle wodini tu, ukivuka mlango basi ruksa. Wenzetu Wales tangu Machi 2021 wamepiga marufuku sigara uwanja mzima wa hospitali, ukikamatwa faini pauni 100, na Scotland Septemba 2022 wakaweka mita 15 kutoka kwenye jengo. Mita 15 kwa mama ingekuwa imeuondoa mwarobaini wote na benchi lake. Wewe yalikukuta wapi, na ulifanyaje?

Mdau, Makorora
Pole sana, mama apone. Mie nilijifungua njiti, nikawa namlea kifuani. Mume wangu anavutia nje kabisa barabarani, haki yake nampa, ila akirudi ananipokea mtoto na shati lilelile. Nesi mmoja mtu mzima akamwita pembeni akamwambia baba, moshi hauishi ukizima sigara, unabaki kwenye nguo na mikono na huyu mapafu yake bado hayajakomaa. Hakugomba hata kidogo. Toka siku hiyo anakuja na shati la pili kwenye mfuko, ananawa mikono kwanza ndo anamshika. Mtoto sasa ana miaka minne.

Mdau, Pongwe
Mimi nilikuwa mvutaji na nilikuwa mgonjwa, ajali ya bodaboda, mguu umevunjika sehemu mbili. Daktari alinieleza vizuri kwamba nikotini inabana mishipa ya damu, mfupa unachelewa kuunga, nikaitikia ndiyo ndiyo halafu usiku natoka na magongo nakwenda kuvutia kwenye korido ya nyuma. Bango lilikuwepo na nilikuwa nalisoma kila siku. Aliyenikomesha ni mama wa usafi, akaniambia mwanangu hapo ulipoegemea, nyuma ya huo ukuta pana mtu yuko kwenye oksijeni. Nilikuwa sijui kwamba oksijeni yenyewe haiungui ila inafanya kila kitu kiwake kwa kasi mno, shuka, nywele, nguo, cheche moja tu inatosha. Nilitetemeka. Kuacha kabisa kulinichukua muda mrefu sana na nilirudia mara mbili, lakini ndani ya geti sikuvuta tena.

Mdau, Bagamoyo
Nimekuwa mlinzi wa getini miaka sita, naomba niseme kwa upande wetu. Wengi wanaovuta si wakorofi, mtu mkewe yuko leba toka jana au mwanawe kaingia chumba cha upasuaji, mikono inamtetemeka. Ukimfokea mnagombana na moshi unabaki palepale. Mie namwendea namsalimia, namuuliza mgonjwa wako anaendeleaje, namsikiliza, halafu namwambia twende nikusindikize nje ya geti ukavutie kule. Tunatembea wote. Sikumbuki aliyenikatalia. Na dada usione vibaya kumwamkia yule mzee, ulikuwa umeshaanza vizuri, ilibaki kumwambia kwamba mama yako yuko dirisha lile pale.

Mleta mada
Nimesoma mpaka machozi. Kweli sikumwambia kama pale dirishani kalala mama yangu, huenda naye hakujua. Mama ana kliniki Alhamisi, nikifika naanzia kwa mlinzi. Wengine endeleeni, nasoma zote.