Kwa nini uzalishaji wa hadroni hulinganishwa na miuoni?

Mwalimu_Nyegezi: Wanajukwaa, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Mwanza, na mwanafunzi ameniuliza jambo ambalo ningependa kulijibu kwa uhakika. Elektroni na positroni zinapogonganishwa, uzalishaji wa hadroni (chembe zilizoundwa kwa kwaki, kama protoni) hutajwa kama uwiano R, yaani hadroni kugawanywa kwa jozi za miuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi). Kwa nini hadroni zisitajwe peke yake? Na matukio ambayo kigunduzi hakikuyaona huhesabiwaje?

Bugando_Fizikia: Shikamoo Mwalimu. Elektroni na positroni huangamizana na kuzaa fotoni (chembe ya mwanga) ya muda mfupi mno, ambayo huweza kugeuka kuwa jozi ya miuoni, au jozi ya kwaki na antikwaki ambazo hatimaye huonekana kama hadroni. Kwa kuwa njia zote mbili zina chanzo kimoja, kugawanya hufuta yaliyo ya pamoja, zikabaki chaji za kwaki. Mpe mwanafunzi chaki akokotoe: kabla ya nishati kutosha kuzalisha kwaki ya chamu, aina ya nne iliyo nzito zaidi, kuna kwaki tatu zenye chaji 2/3, −1/3 na −1/3, ambazo miraba yake ikijumlishwa hutoa 2/3 tu, ilhali vipimo hukaribia 2, kwa sababu kila kwaki huja katika “rangi” 3 (jina tu la sifa yake, si rangi za macho), hivyo 2/3 huzidishwa kwa 3. Chamu ikiingia, hesabu hupanda hadi 10/3. Karibu na mpaka huo, kwenye nishati ya GeV 3.1 (GeV ni elektronivolti bilioni moja), ndipo hadroni zilipofurika ghafla katika SPEAR, mtambo wa kugonganisha elektroni na positroni huko California, mwaka 1974, na chembe ya J/psi ikajulikana.

Mwaloni_Data: Niongezee kwamba mara nyingi miuoni za kigawanyo hukokotolewa kwa fomula badala ya kuhesabiwa. Wingi wa migongano hupimwa kwa elektroni na positroni zinazogongana na kutawanyika tu, kwani nadharia yake inajulikana vizuri sana. Kuhusu yasiyoonekana, huwezi kukadiria samaki wa ziwani kwa kutazama wanaoshushwa soko la Mwaloni bila kujua macho ya nyavu. Ndiyo maana matukio huigwa kwa kompyuta na kupitishwa katika kigunduzi cha kuigiza, ili ijulikane ni sehemu gani hupotea, hasa chembe zinazotorokea kwenye bomba la miale. Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kusahihisha fotoni zinazotolewa kabla ya mgongano, maana hupunguza nishati. Makundi ya majaribio ya BaBar na KLOE yaliigeuza kero hiyo kuwa mbinu, yakapima kwenye nishati nyingi tofauti bila kubadilisha mtambo.

Mwalimu_Nyegezi: Marahaba, na asanteni nyote. Je, vipimo hivi sasa vinakubaliana?

Mwaloni_Data: Si vyote. Mwaka 2023 kundi la CMD-3 la Novosibirsk lilitangaza jozi za pioni (hadroni nyepesi kuliko zote) nyingi kuliko vipimo vya awali, na tofauti hiyo inagusa moja kwa moja ukokotoaji wa usumaku wa miuoni.