Ekari tano za paina Mufindi: je, zinafaa kwa kuni za boila?

Mkulima wa Mufindi
Ndugu zangu, habari za leo. Nina ekari tano za mlimani ambako mahindi hayastawi tena, na mwenye boila (mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke) mmoja wa huku ameahidi kununua kuni zangu kwa miaka mingi iwapo nitamhakikishia mzigo. Kwa kuwa miche ya paina inapatikana kwa urahisi, nimefikiria kupanda paina tupu kwa ajili ya kuni, nivune mapema bila kusubiri mbao. Naomba ushauri.

Bwana Miti Mstaafu
Ndugu yangu, nakusihi usipande paina kwa ajili ya kuni pekee. Ukikata paina, kisiki chake hufa, hivyo kila baada ya mavuno utalazimika kununua miche, kuchimba mashimo na kupalilia upya, ilhali mlingoti, yaani mkaratusi, huchipua kisikini na kuvunwa mara kadhaa kwa gharama ya upandaji mmoja. Isitoshe, paina aina ya patula, ambayo ndiyo imejaa shamba la miti la serikali la Sao Hill, ina mti mwepesi kuliko mlingoti, na joto la kuni hufuata uzito wake mkavu. Viwanda vya chai vya hapo kwenu hukaushia majani kwa kuni za milingoti kwa sababu hizo hizo.

Paina uiachie kazi ya mbao. Ukipanda kwa mita 3 kwa 3 utapata takribani miti 450 kwa ekari. Ile utakayoipunguza ili mingine inenepe iende kwenye boila, na siku ya kupasua, mabanzi (vipande vya pembeni mwa gogo) na vumbi la mbao viende huko pia, kwani mashine ndogo za kupasulia hupoteza karibu nusu ya gogo na mara nyingine zaidi. Inaniuma kila ninapoona mabanzi yakichomwa moto porini. Kule Njombe, kampuni ya miwati, miti ambayo magome yake hutumika kutengeneza ngozi, ilijenga mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaotumia kuni tangu miaka ya 1990, kwa hiyo jambo lenyewe si geni katika nyanda zetu.

Fundi Boila
Naongeza suala la unyevu. Gogo lililokatwa leo huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na sehemu ya moto huishia kuyachemsha maji hayo. Kilo moja ya kuni zilizopasuliwa na kukaushwa kivulini hadi unyevu wa asilimia 20 hutoa joto linalokaribia mara mbili ya kilo moja ya kuni mbichi. Mkubaliane bei kwa kuzingatia ukavu, la sivyo mtagombana mizanini.

Mkulima wa Mufindi
Nashukuru sana, wazee wangu. Basi ekari tatu nitapanda paina ya mbao na mbili milingoti. Je, milingoti niiweke bondeni, karibu na vinyungu (bustani za bondeni za kiangazi), ambako inakua haraka?

Bwana Miti Mstaafu
Hapana, bondeni usiiweke kabisa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na mlingoti hunywa maji mengi. Majirani zako wanategemea vinyungu hivyo wakati wa kiangazi. Ipande juu, kisha uitenganishe na paina kwa barabara ya moto, yaani ukanda mtupu wa kuzuia moto usivuke, inayofyekwa kila mwaka kabla ya kiangazi, kwa maana majani makavu ya paina hushika moto upesi na patula changa ikiungua haiponi.