Mdogo wangu kang'olewa magego mawili ya mwisho leo Malindi, tumchunge vipi?

Bin Mkomani (Jumanne, saa 1:40 usiku)

Assalaam alaykum wakubwa. Mdogo wangu, miaka 24, katolewa magego mawili ya mwisho upande wa kushoto leo saa 8 mchana. La juu lilitoka kwa koleo tu. La chini lilikuwa limelala ndani ya ufizi, likapasuliwa, mfupa ukachongwa kidogo, akashonwa nyuzi tatu. Kapewa paracetamol, ibuprofen na amoxicillin, pamoja na karatasi ya maelezo ambayo hati yake haisomeki. Shavu limeanza kujaa na mate bado yana damu.

Damu hii ni ya kawaida? Ale nini? Kesho asubuhi tulikuwa tupande basi la Lamu, yafaa? Na bwana huyu anavuta sigara, jioni hakosi muguka (majani ya kutafuna, jamii ya miraa). Nimwambie nini asikie?

Ganzi na Koleo (saa 2:15 usiku)

Wa alaykum salaam. Tuanze na damu, maana ndiyo shughuli ya usiku wa leo. Mate mekundu mepesi mpaka kesho mchana ni kawaida; tone moja la damu likichanganyika na mate huonekana kama kikombe kizima. Ya kuangalia ni ile inayojaa mdomoni na kutoka mabonge mabonge. Ikiwa hivyo akae kitako, asilale. Chukua shashi safi (kitambaa cha kufungia vidonda), ilowe maji kidogo, ikunje iwe nene kama kidole gumba, iwekwe juu ya tundu lenyewe. Wengi huiweka juu ya jino la jirani, wakauma nusu saa bila faida. Aume kwa nguvu dakika 30 bila kufungua kuchungulia. Shashi kavu hugandana na damu, na ukiitoa unalitoa donge nayo. Shashi ikikosekana, kifuko cha majani ya chai kilichochovywa maji ya moto kisha kikapoa nacho chafaa, kwa sababu tanini ya chai hubana vimishipa vya damu. Akiuma dakika 30 mara mbili na bado inatiririka, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Sababu ya masharti yote mtakayopewa ni moja. Ndani ya tundu damu huganda ikawa kama ini la kuku. Donge hilo ndilo kifuniko cha mfupa, na ndipo nyama mpya inapoota. Kwa hiyo saa 24 za kwanza asisukutue, asiteme kwa nguvu (mate yadondoke yenyewe kwenye beseni), wala asinyonye kitu kwa mrija. Dafu limiminwe kwenye kikombe.

Dawa. Ganzi ya taya la chini hukaa kama saa 3 mpaka 5, basi saa hizi imeshamtoka au inamalizikia. Kidonge kitangulie maumivu, kisiyafuate. Paracetamol za miligramu 500 ni mbili kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofen ya 400 ni moja kila baada ya saa 8, akiwa ameshakula hata kama ni uji. Zote mbili zaweza kutumika siku moja kwa sababu kila moja ina njia yake, na pamoja zinatuliza kuliko moja peke yake. Kama ana vidonda vya tumbo, pumu, maradhi ya figo au anameza dawa za kuzuia damu kuganda, ibuprofen aiache mpaka azungumze na daktari. Msiende duka la dawa kuongeza diclofenac. Hiyo ni ndugu wa ibuprofen, zikikutana litakalolipa ni tumbo. Aspirini hapana kabisa, na Panadol ni paracetamol ile ile, msihesabu kama dawa nyingine. Amoxicillin ameze kama alivyoandikiwa mpaka iishe.

Barafu ile ya mifuko inayouzwa madukani yatosha. Izungushie leso, ikae shavuni dakika 15 hadi 20, itolewe kwa muda kama huo, irudiwe, leo na kesho. Uvimbe utazidi mpaka Alhamisi au Ijumaa ndipo uanze kushuka, msitishike. Baada ya saa 48 barafu haina kazi tena. Tumieni kitambaa cha maji vuguvugu. Alale na mito miwili.

Jikoni Langoni (saa 2:50 usiku)

Asile kabla ganzi haijaisha, atajitafuna mdomo bila kujua. Usiku huu ni mtindi, ndizi mbivu ya kuponda, uji mwepesi uliopoa. Kijiko kiwe kidogo na kiingie upande wa kulia.

Kuanzia kesho jioni viazi vya kuponda kwa maziwa, mayai laini, supu vuguvugu, mbaazi za nazi zilizoiva mpaka zikavurugika. Samaki achemshwe na achambuliwe. Chukueni nguru, miiba yake mikubwa inaonekana, changu ana vijimwiba vya hila. Mchuzi wa nazi sawa, pilipili na ndimu hapana.

Adui asiyedhaniwa ni wali. Laini, lakini punje yake ni saizi kamili ya kuingia tunduni na kukaa. Akiutaka sana, upikwe bokoboko la kulainika kabisa. Mkate wa mofa, bajia, korosho, kashata, kitu chochote cha ufuta, viwe mbali siku kumi hivi. Kahawa ya moto asiguse mpaka Alhamisi, joto hufungua damu upya.

Nahodha wa Mokowe (saa 3:05 usiku)

Basi la kesho liacheni. Malindi, Garsen, Witu, Hindi mpaka Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, kisha boti. Damu ikifunguka mmeshapita Garsen, mtafanya nini? Isitoshe siku ya pili na ya tatu ndiyo uvimbe unapanda, na mtikisiko wa kiti cha nyuma si wa taya lililochongwa. Kaeni Malindi mpaka Jumamosi au Jumapili, karibu na aliyemng'oa. Siku ya safari mkoba wa mkononi uwe na shashi, chupa ya maji na vidonge, si kwenye buti la basi. Mzigo abebe mwingine pale gatini.

Pwani Tulivu (saa 3:20 usiku)

Mbona mnahangaika, bahari iko hapo. Asukutue maji ya bahari asubuhi na jioni, kidonda kitakauka chenyewe.

Ganzi na Koleo (saa 3:31 usiku)

Hapana, ndugu yangu. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, karibu mara nne ya chumvi iliyomo katika damu ya mtu, kwa hiyo yanachoma nyama changa. Tena ya ufukweni yana taka na vijidudu vya mji mzima.

Ya nyumbani hupikwa hivi: maji ya kunywa yaliyochemshwa, glasi moja ya mililita 250 hadi 300, nusu kijiko cha chai cha chumvi, yawe vuguvugu. Ya kisima yenye munyu msitumie. Aanze kesho baada ya saa 8 mchana, saa 24 zikitimia, na si kabla. Ayatie kinywani, ainamishe kichwa kushoto yakae juu ya kidonda nusu dakika, ageuze upande, kisha afungue mdomo yamwagike. Asiyatikise kwa mashavu. Mara 4 mpaka 6 kwa siku, kila baada ya kula na kabla ya kulala, kwa wiki nzima.

Mswaki ni usiku huu huu kwa meno mengine, polepole. Kidonda asikiguse siku mbili tatu. Wenye kutumia mswaki wa kijiti nao wauweke kando wiki moja. Nyuzinyuzi zake hubaki kwenye nyuzi za mshono.

Barazani (saa 3:48 usiku)

Kuhusu sigara. Kuvuta ni kunyonya, ni mrija ule ule uliokatazwa, pamoja na moshi wa moto na nikotini inayobana mishipa ya damu ya ufizi. Damu haifiki, donge halishiki. Saa 72 ni kiwango cha chini kabisa, wiki ndiyo salama. Shisha na sigara za umeme ni hivyo hivyo.

Muguka una balaa lake. Majani yanasagwa yakawa vumbi la kijani linalokaa shavuni masaa, tena huliwa na njugu na bigijii. Taya linafanya kazi usiku kucha wakati halifunguki vizuri, mdomo unakauka, na chembe zikishaingia kwenye tundu la chini hazitoki kwa kusukutua. Wiki mbili. Akibisha mwonyeshe picha ya ufizi wa gego la chini uliooza, maneno hayatahitajika.

Ummu Swafiya (saa 4:10 usiku)

Na udhu je? Kesho asubuhi bado saa 24 hazijatimia.

Barazani (saa 4:22 usiku)

Kwa madhehebu ya Shafi, tunayofuata wengi huku pwani, kusukutua katika udhu ni sunna. Akiacha udhu wake umetimia. Baada ya hapo atie maji na kuyaachia yatoke bila kugogomoa. Kwenye sijda ashuke na kuinuka taratibu, kichwa kikiinama damu hujaa pale na kidonda hupiga.

Ganzi na Koleo (saa 4:40 usiku)

Nimesahau lile la juu. Mizizi ya gego la juu hukaribiana na uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, na pengine ukuta wa kati ni mwembamba kama karatasi. Wiki mbili asipenge kamasi kwa nguvu; chafya ikimjia aipige mdomo wazi. Akinywa maji akaona yanatokea puani, ni daktari, si kusubiri. Wapiga mbizi wanaovua kamba nao wasizame kipindi hicho.

Bin Mkomani (Alhamisi, saa 12:30 jioni)

Mungu awalipe. Damu ilikata jana asubuhi. Leo shavu kama chungwa, mdomo unafunguka kidole kimoja tu, na kwenye tundu la chini naona utando mweupe wenye manjano. Ni usaha?

Muuguzi wa Zamu (saa 1:05 usiku)

Kama hakuna harufu kali, homa wala maumivu yanayozidi, huo ni utando wa kawaida wa kidonda cha mdomoni. Kidonda cha mkono hufanya gaga la kahawia. Cha mdomoni huwa kimelowa muda wote, kwa hiyo gaga lake ni jeupe. Msiukwangue kwa pamba wala kijiti. Usaha hutiririka ukibonyeza, una ladha chungu, na huja na joto la mwili la 38 kwenda juu.

Taya kukaza ni kwa sababu misuli ya kutafunia ilichomwa sindano na kuvutwa. Hulegea wiki moja hadi mbili. Kuanzia kesho afungue polepole mpaka inapovuta, ahesabu kumi, mara tano, kila baada ya kitambaa cha moto. Mwulize pia mdomo wa chini na ulimi: ganzi imeisha pande zote? Sehemu ikibaki haina hisia mpaka leo, aliyemng'oa ajulishwe. Mshipa wa fahamu wa hapo hupita jirani na mizizi, na mara nyingi hurudi wenyewe kwa wiki au miezi, lakini lazima iandikwe mapema.

Isiyosubiri asubuhi: kushindwa kumeza mate, pumzi kubana, sauti kubadilika, au uvimbe kushuka chini ya kidevu na shingoni. Hapo ni wodi ya dharura, Malindi au King Fahd mkiwa Lamu, hata iwe saa 9 ya usiku.

Bin Mkomani (Jumamosi, saa 1:50 asubuhi)

Uvimbe umepungua, lakini tangu jana usiku hajalala. Maumivu yanapiga kutoka taya la chini mpaka sikioni, vidonge havimfanyi kitu, na pumzi inanuka. Kakiri alivuta mbili Alhamisi. Kuna shangazi kasema tumpachike karafuu nzima tunduni.

Ganzi na Koleo (saa 2:05 asubuhi)

Karafuu msipachike. Mulika kwa taa ya simu: tundu la chini likionekana tupu, na ndani kuna kitu cheupe kikavu badala ya donge jekundu jeusi, ule ni mfupa. Wenyewe huita tundu kavu. Huanza siku ya pili hadi ya nne, na ishara yake kubwa ni hiyo: siku mbili nafuu, kisha maumivu yanarudi makali na kupanda sikioni.

Shangazi hajakosea dawa, kakosea njia. Daktari ataosha tundu kwa maji ya chumvi safi na kulijaza dawa yenye mafuta ya karafuu, kwa kipimo. Karafuu nzima huzuia tundu lisisafishike na hukatikia humo ndani. Mafuta yake matupu huunguza nyama. Antibiotiki zaidi nazo hazisaidii, shida ni mfupa ulio wazi. Nendeni sasa hivi, leo ni Jumamosi, kliniki nyingi hufunga adhuhuri na kesho hazifungui.

Bin Mkomani (Jumamosi, saa 7:15 mchana)

Ndilo hilo hasa. Kaoshwa, katiwa kitambaa chembamba chenye dawa ya kahawia, chumba chote kilinukia karafuu. Nusu saa baadaye kalala hapo hapo kwenye benchi. Kaambiwa arudi Jumatatu. Lamu twaweza kwenda kesho?

Ganzi na Koleo (saa 7:40 mchana)

Msiende kabla ya Jumatatu. Kitambaa hicho hakiyeyuki. Hubadilishwa kila baada ya siku moja hadi tatu na mwisho lazima kitolewe, kikisahaulika kinaoza humo. Kikidondoka chenyewe kabla ya hapo si hatari, ila msikirudishe. Jumatatu muulize kama nyuzi ni za kuyeyuka au za hariri za kutolewa siku ya saba, na umwombe bomba la sindano la mililita 10 bila sindano. Atakapokuruhusu, tundu la chini lioshwe kwa hilo kila baada ya kula, maji vuguvugu ya chumvi, ncha ikiwa imeinama mdomoni mwa tundu bila kuzamishwa, mpaka yatoke bila chembe. Hufanyika wiki tatu hivi, tundu linajaa kutoka chini kwenda juu.

Jikoni Langoni (saa 8:02 mchana)

Na pakiti ya sigara iko mfukoni mwa nani sasa hivi?

Bin Mkomani (saa 8:04 mchana)

Mwangu.