Matembezi ya pango kwa siku moja kutoka Goma: Musanze ao huku huku kwetu?

Mtembezi_Himbi
Bandugu, Jumamosi tunataka kutembea kwa miguu na kuingia pango. Wengine wanataka Musanze, Rwanda. Wengine wanataka mashimo ya lava ya upande wa Mugunga na ziwa dogo la Lac Vert, maana ni karibu na hakuna kiingilio. Mmoja ametaja pango la Matupi. Gari linalipwa kesho. Mnashauri wapi?

Mama_Keshero
Mko wangapi? Kuna watoto? Mna makaratasi gani ya kuvuka mpaka? Bila hayo hakuna wa kukujibu vizuri.

Jiwe_la_Lava
Matupi itoeni kwanza. Iko Mont Hoyo, Ituri. Si safari ya siku moja, na usalama wa njia ile mnaujua. Ni huzuni, kwani kwa historia hakuna pango la huku linaloifikia: wachimbuzi wa miaka ya 1970 walikuta humo zana za mawe za zaidi ya miaka 40,000. Lile ni pango la chokaa, limechimbwa na maji. Musanze na haya ya kwetu ni ya lava. Uso wa mto wa lava unapoa na kuwa ganda, ndani moto unaendelea kutiririka mpaka unaisha, kinabaki kifereji kitupu.

Mtembezi_Himbi
Tuko 7. Watoto wawili, miaka 9 na 11. Wengi wana karte ya CEPGL (ya kusafiri kati ya Kongo, Rwanda na Burundi), mmoja ana jeton tu (karatasi ya kuvuka mpaka karibu).

Mama_Keshero
Basi huyo wa jeton hafiki Musanze. Jeton ni ya kuzunguka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Kinachoharibu safari nyingi ni hicho: kundi zima linasimama barierani kwa ajili ya mtu mmoja, saa zinakwenda, basi linaondoka, na tiketi ya pango imeshalipwa.

Ndosho_Milimani
Kwa hiyo bakieni huku. Lac Vert ni pazuri, mnatembea kando ya maji, shimo mnaingia na mshumaa mkononi. Mshumaa ukizimika mnarudi.

Jiwe_la_Lava
Ndosho, hapo hapana, na kwa watoto hapana mara mbili. Upande ule wote, kutoka Mugunga mpaka Sake, una mazuku. Ni gesi kaboniki (CO2) inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatulia chini kwenye mabonde na mashimo. Haina rangi, na pua haikuonyi. Asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, ndiyo mbaya zaidi. Mchana nje inatawanyika, lakini ndani ya shimo inabaki. Mtoto pua yake iko chini kuliko yako, anaanguka wewe ukiwa bado umesimama. Unainama kumwinua, na wewe unaanguka. Ndiyo maana mara nyingi wanakufa wawili, watatu pamoja. Mkiona panzi, mijusi ao ndege wamelala wakavu chini ya shimo, msishuke hata hatua moja.

Ndosho_Milimani
Wazee wanatumia mshumaa siku zote.

Jiwe_la_Lava
Mshumaa unachelewa. Kwenye asilimia 5 ya gesi hiyo kichwa tayari kinauma na pumzi inapanda, na moto bado unawaka. Unapozimika, kwenye 10 na zaidi, mtu anabakiwa na dakika chache kabla ya kuzimia. Anayetaka kuingia abebe kipimo cha gesi chenye kengele. Mapendekezo ya Marekani kwa wafanyakazi ni gesi isipite asilimia 0.5 kwa siku ya saa 8, wala 3 kwa dakika 15.

Birere243
Na mabomu yasiyolipuka ya upande wa Sake, mbona hamuyataji? Msitoke kwenye njia inayokanyagwa kila siku.

Pasta_Katindo
Mnasahau popo. Musanze wamo. Ugonjwa wa virusi vya Marburg wa Rwanda wa 2024 ulianzia kwa mchimba madini kwenye pango la popo wanaokula matunda: wagonjwa 66, waliokufa 15.

Mama_Keshero
Ule ulikuwa mgodi, si pango la watalii la Musanze. Ila tahadhari ni ile ile: mikono mirefu, glavu, maski, msiangalie juu mdomo wazi, msile ndani, mnawe sabuni mkitoka. Pango la Musanze lina urefu wa kama kilomita 2, na kuingia ni lazima na kiongozi. Ulizeni bei kabla, mgeni halipi sawa na mwenyeji.

Birere243
Na taa? Mwanga wa simu hautoshi. Torshi ya kichwani kwa kila mtu, na moja ya akiba. Viatu vya soli nene, kwani lava inakata sandali vipande. Mvua ikinyesha paa linadondosha maji na mawe yanateleza.

Ndosho_Milimani
Lakini kufunga Lac Vert yote kwa ajili ya mazuku ni kuzidisha. Njia ya juu haina shida.

Jiwe_la_Lava
Njia ya juu nakubali, mchana, upepo ukiwepo. Mashimo ndiyo nakataa.

Mtembezi_Himbi
Huyu wa jeton anaweza kupata laissez-passer (kibali cha kusafiri) kabla ya Jumamosi?

Pasta_Katindo
Leo ni siku gani kwenu?